Wasomaji Wanauliza: Mgombea Mmormoni na Kura ya Muumini

Safu ya toleo hili tumeipa barua tatu kutoka mkoa wa Tanga, kwa kuwa zote zinazunguka jambo moja. Tumezifupisha bila kubadili makusudio yake, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mzee wa Ngamiani, hapa jijini Tanga, na kila baada ya sala ya Alasiri hukaa na wenzangu barazani tukinywa kahawa. Juzi mjukuu wangu alitusomea katika simu habari za uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2012, jinsi Mitt Romney alivyopingwa na baadhi ya Wakristo kwa sababu ni Mmormoni. Baraza likagawanyika. Wako waliosema kwamba kura ni ushahidi, na muumini hawezi kumtolea ushahidi mtu ambaye itikadi yake imepotoka. Wengine wakasema huo ni udini ule ule tunaoukemea hapa kwetu. Naomba unijibu mawili: je, ni kweli dini yake ndiyo iliyomwangusha? Na je, muumini anayemnyima mtu kura kwa ajili ya imani yake ana kosa? — Mzee wa Ngamiani, Tanga.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na salamu za baraza zimefika. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake linaweza kupimwa kwa tarakimu, ilhali la pili litahitaji subira yako.

Mitt Romney, aliyekuwa gavana wa jimbo la Massachusetts kuanzia mwaka 2003 hadi 2007, ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wamormoni. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na leo lenyewe linahesabu waumini zaidi ya milioni 17 duniani. Wamormoni wanamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi, na Biblia wanaisoma. Lakini pamoja nayo wanasoma Kitabu cha Mormoni, wanaamini kwamba unabii haukukoma na kwamba kiongozi wao mkuu aliyeko Salt Lake City ni nabii aliye hai, tena hawaukubali Utatu (Mungu mmoja katika nafsi tatu) kama ulivyoelezwa na mitaguso, yaani mikutano mikuu ya kale ya maaskofu. Hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, na hawanywi chai wala kahawa, jambo ambalo, kama mgombea wao angekuja kuomba kura kwenye baraza lenu, nadhani lingemtia taabuni kuliko hicho Kitabu cha Mormoni.

Chuki dhidi yao haikuanza na Romney. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni wahesabiwe kuwa maadui na waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na amri hiyo haikufutwa rasmi hadi mwaka 1976. Joseph Smith mwenyewe alitangaza kugombea urais wa Marekani mwaka 1844, na kabla siku ya uchaguzi haijafika akauawa na kundi la watu wenye silaha walioivamia jela ya Carthage, huko Illinois, alimokuwa amewekwa. Baadaye ndoa za wake wengi, ambazo kanisa liliziacha rasmi mwaka 1890, ndizo zilizowapa wapinzani wao hoja kubwa kuliko zote. (Huku kwetu pwani hoja hiyo isingemnyima mtu hata kura moja.)

Sasa tarakimu. Taasisi ya Gallup, inayofanya tafiti za maoni, imekuwa ikiwauliza Wamarekani kwa miaka mingi iwapo wangempigia kura mgombea wa chama chao wenyewe, mwenye sifa zote, ikiwa ni wa dini fulani. Mwaka 1967, wakati George Romney, baba yake Mitt na gavana wa Michigan, alipokuwa akijiandaa kuwania urais, asilimia 17 walisema wasingempigia kura Mmormoni. Mwaka 2011 waliosema hivyo walikuwa asilimia 22, na mwaka 2012 asilimia 18. Katika kipindi hicho hicho wasiwasi juu ya Wakatoliki, ambao zamani ulikuwa mkubwa, ulikaribia kwisha kabisa. Huu wa Wamormoni ukabaki pale pale ulipokuwa. Niongeze, kwa kuwa najua barazani mtauliza, kwamba mwaka huo wa 2012 waliosema wasingempigia kura Mwislamu walikuwa asilimia 40, na asiyeamini Mungu asilimia 43. Mmormoni hakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Mjukuu wako aliwasomea habari za Wakristo tu, na hapo picha inapungua. Gallup ilipowagawa waliojibu kwa vyama mwaka 2011, waliomkataa Mmormoni walikuwa asilimia 27 kati ya wafuasi wa Democratic, chama cha Obama, na asilimia 18 kati ya wafuasi wa Republican, chama cha Romney mwenyewe. Nadhani basi wengi wa waliokataa hawakuwa wakilinda itikadi yoyote ya Kanisa. Walilishuku kanisa lenye msimamo mkali wa kihafidhina, au waliona tu kwamba Wamormoni ni watu wa ajabu. Magazetini na katika vipindi vya vichekesho ikafanyika mzaha juu ya vazi la ndani ambalo Wamormoni waliokula viapo vya hekaluni huvaa kila siku. Mzaha huo uliwatoka watu walioelimika vizuri, ambao wangeona haya kumcheka Myahudi kwa kofia yake au Mwislamu kwa kanzu yake, na sijui ni nani kati yetu angependa kuulizwa hadharani amevaa nini ndani.

Upinzani wa kidini ulionekana zaidi katika kura za maoni ndani ya chama chake cha Republican, ambako aliwania mara mbili, kwa uchaguzi wa 2008 na tena kwa ule wa 2012. Mwezi Desemba 2007 Mike Huckabee, gavana wa zamani wa Arkansas ambaye aliwahi kuwa mchungaji wa Kibaptisti, alimuuliza mwandishi wa habari kama Wamormoni hawaamini kwamba Yesu na shetani ni ndugu. Baadaye alimwomba Romney radhi, lakini swali lilikuwa limekwisha kusambaa. Oktoba 2011 mchungaji Robert Jeffress wa Dallas, Texas, alisema waziwazi kwamba Romney si Mkristo na kwamba dini yake ni ya upotofu, naye akamuunga mkono mpinzani wake. Mwaka 2012 Romney akashindwa katika kura za maoni za South Carolina, Alabama na Mississippi, majimbo yenye Wakristo wengi wa kiinjili (Waprotestanti wanaoshikilia sana Biblia na wokovu wa mtu binafsi). Hata hivyo si haki kuitwisha dini yake mzigo wote wa kushindwa huko, maana alikuwa amebadili msimamo wake juu ya utoaji mimba, na sheria ya bima ya afya aliyoitia saini Massachusetts mwaka 2006 ilifanana mno na ile ya Obama ambayo wanachama wenzake waliichukia.

Kisha ikaja Novemba 2012, na hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, asilimia 79 ya Wakristo weupe wa kiinjili walimpigia kura Romney. Ni kiwango kile kile alichopata George W. Bush, mwenzao wa imani, mwaka 2004, na ni zaidi ya asilimia 73 aliyopata John McCain, mgombea wa Republican mwaka 2008. Mchungaji Jeffress naye alikwisha kubadilika na kumuunga mkono. Romney alishindwa na Obama kwa kura 206 dhidi ya 332 za wajumbe wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, lakini hakuangushwa na wale waliosema dhamiri zao haziwaruhusu. Hao, walipofika kwenye sanduku, walimpa. Kwa hiyo anayesema dini ndiyo iliyomwangusha hana ushahidi, ingawa ilimchelewesha, ilimgharimu, na ilimlazimisha kujieleza katika mambo ambayo wenzake hawakuulizwa.

Nakuomba utue hapo kidogo. Itikadi ya Romney haikubadilika kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2012. Kitabu chake kilikuwa kile kile, na nabii wake aliketi Salt Lake City vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mpinzani wake sasa alikuwa mtu wa chama kingine. Mtu anayependa kuhukumu atasema huo ni unafiki. Mimi nasoma jambo jingine: kwamba wengi wao, walipolazimika kuchagua, walitambua kuwa hawakuwa wakimchagua mchungaji wa kanisa lao, na kwamba wangeweza kutambua hivyo mwaka mmoja mapema.

Hapo tunaingia katika swali lako la pili. Wenzako wamesema kura ni ushahidi, nami siwapingi. Nauliza tu, ni ushahidi wa nini? Ninyi wazee mnaijua sira kuliko mimi. Mtume Muhammad alipoona masahaba wake wanateswa Makka, aliwaelekeza wahamie Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo, na sababu aliyoitoa ni kwamba katika nchi ya mfalme huyo hadhulumiwi mtu. Alimshuhudia mtawala kwa uadilifu wake. Na Nabii Yusuf, ambaye habari zake zimo katika Qurani na katika Biblia, alipewa hazina za Misri na mfalme asiyeifuata dini yake, kwa kuwa alikuwa mlinzi mwaminifu na mjuzi.

Najua mtanijibu nini, maana hoja hii nimeisikia: Najashi alikuwa Mkristo na alijiita Mkristo, hakudai kuwa miongoni mwetu. Anayeudhi ni yule anayejiita kwa jina letu na huku anaamini yasiyo yetu. Na kweli, mzee wangu, hilo ndilo lililo chini ya habari yote ya Romney. Mkristo wa Texas hakuogopa kwamba Mmormoni atamgeuza Mbudha. Aliogopa kwamba rais Mmormoni ataufanya Umormoni uonekane kuwa Ukristo kama Ukristo mwingine, na watoto wake watashindwa kuona tofauti. Hofu ya namna hii haimlengi mgeni wa mbali. Inamlenga ndugu tunayebishana naye urithi.

Sisi wenyewe tulikwisha kulipita jaribio hilo, ingawa halizungumzwi sana. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye kanuni zake za utunzi bado zinafundishwa shuleni, na ambaye uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake, alikuwa mfuasi wa Ahmadiyya. Jumuiya hiyo ilianzishwa India na Mirza Ghulam Ahmad mwaka 1889, na Waislamu wengi wanaikataa kwa sababu ya madai ya unabii wa mwanzilishi wake, jambo lisilo mbali na lile Wakristo wanalowakatalia Wamormoni. Ahmadiyya walipotoa tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1953, masheikh wa Kisunni waliipinga vikali, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar akaandika tafsiri yake, iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969. Mabishano hayo yalikuwa ya kweli na yenye uzito, na mahali pake palikuwa misikitini na vitabuni. Lakini mtu huyo huyo akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri wa sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Waliompinga katika itikadi hawakulazimika kubadili fatwa yao hata neno moja ili apewe ofisi hiyo.

Sisemi kwamba dini ya mgombea isiguswe kabisa. Liko swali la haki, na nitakupa mfano wake. Hadi Juni 1978 kanisa la Wamormoni halikuwapa wanaume weusi ukuhani, ambao wanaume wengine wote waumini waliupewa. Romney alikuwa na miaka 31 wakati huo, mtu mzima mwenye akili zake. Basi Desemba 2007 mtangazaji wa televisheni alimuuliza alikuwa na msimamo gani, naye akajibu kwamba siku alipoisikia habari ya kuondolewa kwa katazo hilo alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani, karibu na Fresh Pond huko Cambridge, akasimamisha gari pembeni na kulia. Msikilizaji anaweza kuridhika au asiridhike. Mimi ningependa kumsikia akieleza alifanya nini kabla ya siku hiyo. Lakini swali lilikuwa halali, kwa sababu linahusu namna mtu anayetaka kutawala raia wa rangi zote alivyowatazama raia hao. Swali la kama Yesu na shetani ni ndugu halihusu bajeti, wala vita, wala mahakama.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama unaniuliza juu ya dhambi, sina mamlaka ya kufutu. Kama unaniuliza juu ya kosa la kiraia, jibu langu ni ndiyo, lipo, pale muumini anapomuuliza mgombea wa imani nyingine swali ambalo hamuulizi wa imani yake. Wazee wanaojua kwamba mgombea wa msikiti wao alikula fedha za ushirika na bado wakampa kura kwa sababu ni mwenzao, kisha wakamnyima mwadilifu kwa sababu ya dhehebu lake, hawajatoa ushahidi wa imani. Wametoa ushahidi wa uongo juu ya uadilifu, na huo ndio ulioulizwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Uraia katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza. Darasani nina Waanglikana, Waislamu na Walutheri, na wanafunzi wameniuliza: ikiwa Katiba inakataza ubaguzi wa dini, je, mpiga kura anayemnyima mtu kura kwa sababu ya dini yake amevunja Katiba? Na Marekani, ambako Romney alipata misukosuko hiyo, sheria inasemaje? — Mwalimu wa Uraia, Muheza.

JIBU: Mwalimu, jibu ni hapana katika nchi zote mbili, na ni vizuri wanafunzi wako wajue kwa nini.

Ibara ya VI ya Katiba ya Marekani inasema kwamba hakuna kipimo cha kidini kitakachotakiwa kuwa sharti la kushika wadhifa wa umma. Maneno hayo yanaifunga serikali, hayamfungi raia aliye peke yake na karatasi yake ya kura. Mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi ni wa Reed Smoot, mmoja wa mitume wa kanisa la Wamormoni, aliyechaguliwa na bunge la Utah mwaka 1903 kuwa seneta. Malalamiko yalikuwa mengi hata Seneti ikafanya uchunguzi kuanzia mwaka 1904, ikimhoji hadi rais wa kanisa lake juu ya ndoa za wake wengi, na hatimaye mwezi Februari 1907 ikaamua abaki na kiti chake. Alikikalia hadi mwaka 1933. Sheria ilimlinda asitolewe Senetini. Isingeweza kumlazimisha mtu yeyote ampende.

Kwetu, ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977, inayotaja sifa za anayegombea urais, inataka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe amependekezwa na chama cha siasa, pamoja na masharti mengine, dini haimo. Ibara ya 67, inayohusu wabunge, nayo haiitaji. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na katika tafsiri yake ya ubaguzi imetaja dini pamoja na kabila, rangi na mengineyo, lakini katazo lake linaelekezwa kwa mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, na mpiga kura hatekelezi madaraka ya namna hiyo. Tena kura ni ya siri. Hakuna wa kumuuliza sababu, na siku atakapopatikana mtu wa kuiuliza tutakuwa tumepoteza kitu kikubwa kuliko tulichokuwa tukikilinda.

Wanaofungwa ni wengine. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inarudia sharti hilo. Ibara ya 19 inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini vitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Unaweza kuwalinganishia wanafunzi na Pakistan, ambayo mwaka 1974 ilibadilisha katiba yake na kutamka kwamba Ahmadiyya si Waislamu. Pale dola imelichukua swali la wanazuoni na kulitia katika sheria, na mtu wa jumuiya hiyo akitaka kushika nafasi ya juu anakutana na katiba kabla hajakutana na mpiga kura. Sheikh Amri Abedi, niliyemtaja katika jibu lililotangulia, asingefika mbali huko.

Jambo moja wanafunzi wa Muheza watalipenda: sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo serikali haina hesabu rasmi ya nani ni wengi katika wilaya yao. Hesabu hiyo inafanywa vijiweni, ambako pia watu huhesabu zamu za marais, Mkristo kisha Mwislamu kisha Mkristo, kana kwamba imeandikwa mahali fulani. Haikuandikwa popote.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Makorora na nakusudia kugombea udiwani katika uchaguzi ujao. Dhehebu langu ni dogo, sitalitaja, na tayari kuna wanaonong'ona kwamba sisi tunaabudu vitu visivyoeleweka. Wapambe wangu wamegawanyika. Baadhi yao wanataka nisimame hadharani nieleze imani yangu ili uvumi uishe, wengine wanasema ninyamaze. Romney alifanyaje, na ilimsaidia? — Kijana wa Makorora, Tanga.

JIBU: Ndugu yangu, Romney alifuata nyayo za John F. Kennedy, na tofauti kati ya hotuba zao mbili itakufaa kuliko ushauri wangu.

Kennedy, Mkatoliki aliyekuwa akigombea urais, alikwenda Houston, Texas, tarehe 12 Septemba 1960 kusimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti waliohofu kwamba Papa atamtawala. Aliwaambia kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, ni mgombea wa chama cha Democratic ambaye kwa nafsi yake ni Mkatoliki. Kwamba hatapokea maagizo ya kanisa katika mambo ya umma. Na kwamba ikitokea siku wadhifa wake na dhamiri yake vimegongana bila njia ya kuvipatanisha, atajiuzulu. Kisha akapokea maswali yao. Hakujaribu kuwafanya waupende Ukatoliki.

Romney alizungumza tarehe 6 Desemba 2007 huko College Station, katika Texas hiyo hiyo. Alisema, kama Kennedy, kwamba viongozi wa kanisa lake hawatakuwa na sauti katika maamuzi ya urais, na kwamba imani yake hataikana. Alikataa pia kueleza mafundisho ya pekee ya kanisa lake, akisema kufanya hivyo ni kukubali kile kipimo cha kidini ambacho waasisi wa nchi walikikataza. Mpaka hapo alikuwa imara. Lakini hapo hapo akaongeza kukiri kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu na Mwokozi wa wanadamu, kana kwamba anajibu mtihani ambao ametoka kusema usiwepo. Jina la Umormoni akalitamka mara moja tu. Na akasema kwamba uhuru unahitaji dini, maneno yaliyowaacha nje wasio na dini. Waliokuwa na wasiwasi naye hawakuridhika, na wasiokuwa nao wakaona anabembeleza. Mwezi Februari 2008 akajitoa.

Miaka minne baadaye, katika mkutano mkuu wa chama uliofanyika Tampa mwezi Agosti 2012, njia ilikuwa nyingine. Walipanda jukwaani waumini wenzake wa Boston, alikokuwa kiongozi wa kanisa kwa kujitolea, na wazazi wazee wakasimulia jinsi alivyokuwa akimtembelea hospitalini mtoto wao wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa saratani, na jinsi mtoto huyo alivyomwomba amsaidie kuandika wosia wa kugawa vitu vyake vichache, naye akaja na karatasi na kukaa naye wakaandika. Hakuna aliyetaja Utatu. Mtazamaji wa dini yoyote aliona jirani ni mtu wa namna gani. Usiku huo haukumpa urais, nami sitakudanganya kwamba ungetosha kumpa, ila kwa maoni yangu ulifanya kazi ambayo hotuba ya Texas haikuweza.

Sasa kwako. Usiitishe mkutano wa kueleza imani yako. Ukisimama viwanja vya Tangamano kufafanua mafundisho ya dhehebu lako, kesho yake wapinzani watakuwa na maneno yako mwenyewe ya kuyapotosha, na wasiokuwa na swali watakuwa wamepata moja. Lakini usinyamaze unapoulizwa, na usilikane kundi lako, maana watu wako wenyewe watakusikia. Jibu kwa sentensi mbili: kwamba ndiyo, wewe ni wa dhehebu hilo, na kwamba diwani anapanga pamoja na wenzake mapato ya halmashauri, mitaro, soko na zahanati, ambavyo havina dhehebu. Kisha ueleze mtaro gani, kwa fedha zipi. Akikuuliza mtu swali la haki, kwa mfano kama dhehebu lako linawazuia wazazi kupeleka watoto kwenye chanjo au shule, hilo usilikwepe kwa kusema ni udini. Jibu kikamilifu, kwa kuwa linagusa watoto wa kata.

Na wapambe wako uwazuie wasilipize kwa kunong'ona juu ya msikiti au kanisa la mpinzani wako. Watakuambia kwamba ni siasa tu, na ndani ya wiki moja utakuwa umepoteza haki ya kulalamika.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kama uhudhurie maulidi na harambee za makanisa ya kata. Kama ulikuwa ukienda kabla ya kuchukua fomu, endelea, ukae pale pale ulipokuwa ukikaa. Kama hukuwa ukienda, usianze mwezi wa kampeni. Subiri ualikwe, na ukialikwa usichukue kipaza sauti.